Tezi ya Mfilipino ipimwe kwa kipimo cha nani?

Mwanamke wa Kifilipino mwenye tezi ya thairoidi ya mililita 16, ana goita (uvimbe wa tezi hiyo ya shingoni) au hana? Kwa viwango vilivyoenea kutoka Ulaya, hana: ukomo wa kawaida ni mililita 18 kwa mwanamke na 25 kwa mwanamume. Lakini ukubwa wa tezi hufuata kimo na uzito wa mwili, na sehemu kubwa ya Ulaya iliishi miaka mingi na upungufu wa madini joto, hali inayoivimbisha tezi. Mtu wa kilo 48 akipimwa kwa kipimo cha watu wa kilo 75, goita yake ndogo inapita bila kuonekana.

Ndiyo hoja ya wanaotaka Ufilipino iwe na viwango vyake, na ina uzito. Hata viwango vya kimataifa vya watoto wa shule vilipochapishwa mwaka 2004, tezi zilitofautiana kutoka eneo hadi eneo, ingawa watoto wote walitoka kwenye madini joto ya kutosha.

Viwango hutokana na kupima watu walio wazima, na ugumu unaanzia kwenye neno hilo "mzima", yaani asiye na ugonjwa wa tezi. Sheria ya Ufilipino ya kutia madini joto kwenye chumvi, Namba 8172, ni ya mwaka 1995. Aliyekulia kwenye upungufu kabla ya hapo huenda tezi yake ilivimba utotoni na haikunywea yote, japo homoni zake leo ziko sawa. Ukimpima kama mzima kwa sababu tu halalamiki, ukomo unapanda na goita inageuka kuwa kawaida ya nchi. Kwa hiyo vipimo vya damu, yaani TSH (homoni inayoiamrisha tezi kufanya kazi) na kingamwili zinazoishambulia thairoidi, vitangulie. Wenye vinundu (vijivimbe ndani ya tezi) watolewe. Na mkojo wa kundi zima uonyeshe kiwango cha kati cha madini joto cha mikrogramu 100 hadi 199 kwa lita.

Hata hivyo, makosa mengi hutokea mkononi mwa mpimaji. Kwa mashine ya ultrasound, kila upande wa tezi hupimwa urefu, upana na kina, vikazidishwa pamoja kisha kwa 0.479 au 0.52; daraja la katikati linalounganisha pande mbili huachwa. Chukua upande wa sentimita 4.5 × 1.5 × 1.4: kwa 0.479 ni mililita 4.5, kwa 0.52 ni 4.9. Sasa kina kikisomwa 1.6 kwa sababu kichwa cha mashine kimeinama, zile mililita 4.5 zinakuwa 5.2. Milimita 2 tu! Ukikandamiza shingo, kina kinapungua. Na kichwa cha mashine cha sentimita 4 hakimalizi tezi ndefu kwa picha moja. Lazima picha mbili ziunganishwe, la sivyo urefu unakatwa.

Kwa maoni yetu viwango vya Kifilipino vinahitajika, ila vitolewe kwa eneo la ngozi ya mwili (linalokokotolewa kutoka kimo na uzito) pamoja na jinsia, na wapimaji wawili wapime watu walewale kwanza ili tofauti yao ijulikane. Kwa sasa, ripoti iandike vipimo vyote vitatu vya kila upande, kizidisho kilichotumika, kimo na uzito. Ikiandikwa "tezi ya kawaida" peke yake, daktari atakayempima mgonjwa huyo mwakani hatakuwa na namba ya kulinganisha.