Takwimu za uendelevu: kampuni mama ikusanye lita, si tani

Kwa ratiba ya ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, makampuni yenye maslahi ya umma, kama benki na yaliyo kwenye soko la hisa, yatalazimika kutoa taarifa za uendelevu, ikiwemo hewa ya ukaa yanayozalisha, kwa viwango vya kimataifa vya IFRS S1 na S2 kuanzia Januari 1, 2027. Viwango hivyo vya Juni 2023 vinataka taarifa ihusu kundi lilelile la kampuni linalofungiwa hesabu za fedha. Kundi kama KCB, lenye benki katika nchi 7, litatoa taarifa moja. Ubishi uliopo ni huu: kampuni tanzu zikokotoe zenyewe tani za hewa ya ukaa na kutuma majibu, au kila kitu kiingie kwenye mfumo mmoja wa makao makuu?

Wanaotaka mfumo mmoja wana hoja nzito. Nimewahi kukusanya takwimu hizi kwa majedwali ya Excel. Tawi moja lilileta dizeli ya jenereta kwa lita, la pili kwa shilingi, la tatu likatuma tani za hewa ya ukaa bila kueleza zimetoka wapi. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takribani kilo 2.7 za hewa hiyo, kwa hiyo lita 400 ni kama tani moja, na yeyote anaweza kuhakiki. Ukipewa shilingi, utazigawa kwa bei ya pampu inayobadilika kila mara, na hapo unakisia tu. Tani ndiyo kabisa: mkaguzi akiomba risiti, huna cha kumwonyesha.

Kampuni tanzu nazo zina haki ya kulalamika. Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na jotoardhi, maji, upepo na jua, ilhali sehemu ya umeme wa Tanzania ni wa gesi asilia. Kigezo kimoja cha kubadili kilowati-saa kuwa hewa ya ukaa kikitumika kote, nchi moja itabebeshwa mzigo wa mwenzake. Kisha kuna fomu iliyotungwa Nairobi inayodai bili ya umeme kwa tawi lisilofikiwa na gridi. Anayeijaza ataandika sifuri, na huko juu sifuri hiyo itasomeka kama sifa, huku jenereta ikinguruma nyuma ya jengo tangu asubuhi.

Naunga mkono mfumo mmoja, ila kinachopanda juu kiwe kipimo ghafi, yaani lita na kilowati-saa, pamoja na picha ya risiti. Ukokotoaji ufanyike makao makuu kwa vigezo vya kila nchi, vilivyothibitishwa na mhasibu wa huko. (Hewa chafu za wateja wanaokopeshwa na benki ni kazi nyingine, na kubwa zaidi.) Jumla ikichapishwa, takwimu za kila nchi ziambatane nayo, maana IFRS S1 yenyewe inakataza kujumlisha kunakoficha mambo ya msingi.

Muda si mwingi. Katika matawi niliyopita, daftari la jenereta hujazwa na mlinzi, na hakuna aliyewahi kumwambia aandike lita au pesa.