Rudisheni Ukurasa wa Michoro katika Majarida ya Modeli

Jarida langu la kwanza la modeli, yaani la waundaji wa ndege, meli na magari madogo ya kuigiza yale halisi, nililinunua mwaka 1994 kwa muuza vitabu vya mitumba aliyetandaza bidhaa zake kando ya barabara jijini Nairobi. Lilikuwa toleo la Airfix Magazine la miaka ya 1960, jalada lake limechanika, na sikujua kwamba jarida lenyewe, lililoanza kutolewa Uingereza Juni 1960, lilikuwa limekoma mwaka mmoja tu kabla ya siku ile. Ndani yake mlikuwa na makala iliyoeleza namna ya kuigeuza modeli ya Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza, ya aina moja iwe ya aina nyingine: mahali pa kukata kwa msumeno mwembamba, mahali pa kuongeza, na jinsi ya kuziba nyufa na kupiga msasa mpaka alama ya kiungo isionekane tena. Mimi sikuwa na Spitfire ya kukata, wala sikujua duka linaloiuza. Lakini ukurasa mmoja ulikuwa na mchoro wa ndege hiyo kwa skeli ya 1/72, yaani imepunguzwa mara 72, ikionekana kutoka juu, ubavuni na mbele, na mchoro ule ulinitosha. Niliomba kipande cha mti wa jakaranda kwa mchonga vinyago, nikanakili mistari kwa karatasi ya kaboni, nikachonga kwa wiki tatu.

Tangu hapo nimesoma majarida ya modeli, ya zamani na mapya, kwa zaidi ya miaka 30, na msimamo wangu ni huu. Majarida ya leo yanapendeza kuliko yale ya zamani, na yanaeleza kazi ya mikono kwa uwazi ambao wazee wetu katika hobi hii hawakuufikia. Lakini yamemwacha msomaji aliye mbali na duka. Jarida la zamani lilimchukulia msomaji wake kuwa mtu mwenye kisu, msasa na subira, kisha likamwonyesha namna ya kukipata asichokuwa nacho. Jarida la leo huanza kusema naye baada ya yeye kununua.

Mambo hayakuanza hivyo. Percival Marshall alipoanzisha The Model Engineer jijini London mwaka 1898, aliwalenga watu wenye mashine ndogo za kukereza chuma nyumbani, waliotaka kuunda injini za mvuke zinazofanya kazi kweli. Aeromodeller, lililofuata mwaka 1935, liliwahudumia waliounda ndege za mbao laini za balsa na karatasi, ndege za kurushwa uwanjani. Katika majarida ya aina hiyo mchoro ndio uliokuwa kiini, na maneno yaliuzunguka kuufafanua. Baadaye wachapishaji wa Aeromodeller walikuwa na huduma maalumu ya kuuza michoro mikubwa kwa njia ya posta, na msomaji aliyetumiwa bahasha hiyo alikuwa amepata kila kitu isipokuwa mbao na gundi.

Hata skeli ya 1/72, ambayo leo tunaihusisha na plastiki, ilizaliwa katika mbao. Ilienezwa na James Hay Stevens kupitia modeli za Skybirds kuanzia mwaka 1932, kwa hesabu nyepesi kwamba futi sita ziwe inchi moja, na hivyo mtu mrefu wa futi sita asimame kwa urefu wa inchi moja kando ya ndege yake. Vita Kuu ya Pili ilipoifikia Marekani, jeshi la wanamaji la nchi hiyo liliwaomba wanafunzi wa shule mwaka 1942 walitengenezee modeli 500,000 za ndege kwa skeli hiyohiyo, ili wapiga mizinga wajifunze kutofautisha ndege za adui na zao wenyewe. Skeli hiyo ilifaa kazi hiyo, kwa kuwa modeli ya 1/72 ikitazamwa kutoka umbali wa mita 10 huonekana kama ndege halisi iliyo umbali wa mita 720. Nimeifikiria habari hiyo mara nyingi. Watoto wale hawakupelekewa masanduku ya vipande vilivyokwisha kuundwa. Walichonga mbao kwa kufuata michoro.

Plastiki ilipokuja, ingeweza kuufuta mchoro mara moja. Airfix, kampuni ya Uingereza ya modeli za plastiki, ilianza kuuza meli ya Golden Hind katika maduka ya Woolworths mwaka 1952 na Spitfire yake ya kwanza baadaye katika miaka hiyo ya 1950, na kwa bei ambayo mtoto angeweza kuimudu. Lakini kwa miaka mingi aina za seti, yaani masanduku ya vipande vya kuunganisha, zilizokuwapo sokoni zilikuwa chache, na anayeipenda ndege fulani mara nyingi alikuta kwamba hakuna kampuni iliyoitoa. Pengo hilo ndilo lililoyapa majarida ya miaka ya 1960 na 1970 uhai wake. Yalifundisha kukata mabapa ya plastiki nyeupe na kuyaunganisha kuwa umbo lisilouzwa popote. Yalifundisha kushika kijiti cha fremu inayobeba vipande, kukipasha moto juu ya mshumaa na kukivuta polepole mpaka kiwe uzi mwembamba kama unywele, uzi unaofaa kuwa waya wa redio. Yalifundisha kupasha moto karatasi ya plastiki angavu na kuisukumia juu ya umbo la mbao ili kupata kioo cha chumba cha rubani. Mimi nilipokosa mabapa hayo, nilikata vikombe vya mtindi, kwa sababu vingi vyao vimetengenezwa kwa plastiki ya polistirini, ileile ya modeli, na gundi yake huvishika sawasawa. Sikuambiwa hilo na jarida lolote, lakini jarida ndilo lililonizoeza kujiuliza kila kitu kilicho mezani kimetengenezwa kwa nini.

Kulikuwa pia na kurasa za barua, ambazo nadhani wengi wamesahau uzito wake. Mchoro ukichapishwa na kosa, msomaji aliyewahi kuitengeneza ndege yenyewe kikosini aliandika kulisahihisha, na mhariri akaichapa barua yake miezi michache baadaye. Rangi za ndege za Uingereza zilijadiliwa kwa uzito kama wa wanasheria, na Ian Huntley alizieleza mfululizo katika Scale Aircraft Modelling, jarida lililoanzishwa mwaka 1978 na Alan W. Hall, ambaye naye aliwahi kuhariri Airfix Magazine. Msomaji wa kurasa hizo alijifunza kwamba ujuzi una njia zake za kuthibitishwa, na kwamba hata yeye, akiwa na ushahidi, ana haki ya kuuchangia.

Najua nitajibiwa kwamba biashara ilikuwapo siku zote, na kwamba jarida lililobeba jina la Airfix haliwezi kuitwa huru. Ni kweli. Hata hivyo jarida lile lilimfundisha mteja wa Airfix kuikata bidhaa ya Airfix vipande vipande na kuitumia kwa jambo ambalo kampuni haikulikusudia. Liliuza seti moja, halafu likamwachia mnunuzi akili ya kutoka na modeli tatu.

Mabadiliko niyaonayo kuwa makubwa zaidi yaliletwa na picha. FineScale Modeler, lililoanzishwa mwaka 1982 na kampuni ya Kalmbach katika jimbo la Wisconsin, Marekani, lilijengwa juu ya picha nzuri na maelezo ya hatua kwa hatua. Kabla yake Sheperd Paine alikuwa amekwisha kuwaonyesha Wamarekani, kwa vijikaratasi vilivyowekwa ndani ya seti za Monogram, kwamba modeli inaweza kusimulia tukio zima. Japani nako Hobby Japan, la mwaka 1969, na Model Graphix, la mwaka 1984, yaliipiga picha modeli kwa heshima ile anayopewa mwanamitindo. Kisha kamera za kidijitali zikamwezesha mwandishi kupiga picha kila hatua bila kuhesabu gharama ya filamu. Hapa nayasifu majarida mapya bila kusita. Makala za zamani zilikuwa na tabia ya kuruka mahali pagumu kwa sentensi moja, kwamba vipande viunganishwe na nyufa zizibwe, na msomaji akabaki peke yake na nyufa zake. Leo naona ufa wenyewe, naona unavyozibwa, naona kidole cha mtu na pembe aliyoishikia brashi.

Lakini kadiri picha zilivyoongezeka, swali linalojibiwa na jarida lilibadilika. Zamani liliuliza ndege hii ilikuwa na umbo gani. Sasa linauliza uso wake uchakazwe vipi ili modeli ionekane imetumika. Mwaka 2012 kulitokea Hispania The Weathering Magazine, ambalo toleo lake la kwanza lote lilihusu kutu, na yaliyofuata yakawa na mada moja moja za namna hiyo, kama vile rangi inayobanduka na matope. Ni kazi ya ustadi wa hali ya juu, na nimejifunza humo mambo ambayo nisingeyagundua katika maisha yangu yote. Ila limetoka katika mikono ya watengenezaji wa rangi, na jibu la kila tatizo ni chupa nyingine. Tope ni chupa, vumbi ni chupa, mchirizi wa mafuta ni chupa, na kila chupa ina namba yake. Niliposoma makala moja kuhusu kifaru, orodha ya vimiminika ilijaza safu nzima ya ukurasa, ilhali vipimo vya kifaru chenyewe havikutajwa hata mara moja. Kijana wa Tabora au Malindi anayeisoma atastaajabu, kisha atalifunga jarida, kwa sababu hakuna anachoweza kuanza nacho jioni ileile.

Ni jambo la kusikitisha zaidi kwa kuwa kijana huyo sasa ni rahisi kumfikia kuliko wakati wowote uliopita. Nakala za kidijitali hufika Malindi siku ileile zinapofika Manchester. Kampuni ya Eduard ya Jamhuri ya Czech hutoa kila mwezi jarida lake, INFO Eduard, bila malipo, na ingawa ni katalogi ya bidhaa zake, limebeba makala ndefu za historia ambazo majarida ya kulipiwa yanaona haya kuzipa nafasi. Upande wa karatasi umebanwa. Mwaka 2024 hata Kalmbach, waliochapisha Model Railroader tangu mwaka 1934, waliyauza majarida yao kwa Firecrown Media, FineScale Modeler likiwamo. Naelewa kwamba mhariri aliyebanwa na gharama humtegemea mtangazaji wa rangi. Simwombi amfukuze.

Ninachowaomba wahariri ni ukurasa mmoja katika kila toleo: mchoro wa kitu kimoja kutoka pande tatu, skeli imeandikwa, na mstari wa sentimita umechorwa pembeni ili anayechapa nakala mwenyewe ajue kama karatasi imetoka kwa ukubwa sahihi. Kando yake iwekwe makala fupi ya kuunda kitu hicho kwa mbao, kadibodi au plastiki ya kuokota, imeandikwa na mtu aliyefanya hivyo kweli.

Mezani kwangu sasa ipo ndege ya abiria aina ya Dakota ya 1/72 ninayoitengeneza kwa rangi za East African Airways, shirika lililovunjika mwaka 1977. Stika zake sikuzipata, basi nachora herufi za jina lile kwa mkono, kwa brashi yenye nywele chache, nikifuata picha moja ya zamani na rula. Nimefika herufi ya tano, na ya tatu nitaifuta niianze upya.