Picha Zinapopokezana

Onyesho la slaidi halijengwi na picha nzuri. Linajengwa pale picha moja inapoipokea iliyotangulia. Wengi wanaotengeneza maonyesho haya kwa kujifurahisha humaliza nguvu zao zote kwenye kupiga picha na kuzisafisha, kisha huzimimina kwenye programu kwa mpangilio wa tarehe, huweka wimbo waupendao na kubonyeza kitufe. Kinachotoka ni albamu inayojifunua yenyewe. Dakika ya kwanza mtazamaji huvumilia kwa heshima. Ya pili anaanza kuangalia saa. Na ukiichukua kila picha peke yake, haina kasoro.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mwongozaji filamu wa Urusi, Lev Kuleshov, alichukua kipande cha filamu chenye uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso usioonyesha hisia yoyote ya wazi, akakiunganisha mara na bakuli la supu, mara na jeneza. Kwa jinsi kisa hicho kinavyosimuliwa, watazamaji walimsifu mwigizaji kwa namna alivyoonyesha njaa, kisha wakamsifu kwa namna alivyoonyesha majonzi. Uso ulikuwa uleule. Maana ilizaliwa vichwani mwa watazamaji, katikati ya picha mbili. Hapo katikati ndipo anapofanya kazi mtengenezaji wa slaidi.

Chukua picha ya mikono ya bibi kizee imekunjwa mapajani. Itanguliwe na picha ya kichanga kilicholala: mikono ile inapumzika baada ya kazi ya kubembeleza. Itanguliwe na picha ya kitanda kitupu kilichotandikwa vizuri: mikono ileile sasa imefiwa. Hukubadilisha chochote ndani ya picha, lakini umesema mambo mawili yaliyo mbalimbali kabisa. Ndiyo maana siukubali mpangilio wa tarehe kama sheria. Tarehe ni mahali pa kuanzia kutafuta, basi. Simu haijui kwamba ile picha ya machweo uliyopiga siku ya pili ya safari ndiyo iliyopaswa kufungua kila kitu.

Njia za kuunganisha picha ni nyingi, na sehemu kubwa ya raha ya kazi hii imo humo. Rangi inaweza kuunganisha: shuka jekundu kwenye kamba, halafu mlango mwekundu. Umbo linaweza: duara la gurudumu, halafu duara la mwezi. Mwelekeo wa macho una nguvu kuliko vyote. Mtu akitazama kulia, mtazamaji anataka kujua anatazama nini, na picha inayofuata ikimjibu, tayari una sentensi. Umbali nao una hoja yake. Picha tano mfululizo zilizopigwa kwa mbali humchosha mtu bila yeye kujua kwa nini. Iweke moja ya karibu sana, kidole kinachofunga kamba ya kiatu kwa mfano, na jicho linaamka. Mimi hupanga picha ndogondogo zote kwenye skrini moja, nikazihamishahamisha kabla hata sijafikiria muziki. Kwangu hatua hiyo inakula muda mwingi kuliko zote zinazofuata zikijumlishwa, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kuna kitu cha tatu kinachotokea picha ya kwanza inapofifia huku ya pili ikijitokeza. Kwa sekunde moja au mbili zote zipo, zimelaliana. Wapenzi wa slaidi wa miaka ya 1970 na 1980, enzi slaidi ilipokuwa kipande cha filamu kwenye fremu ndogo, walilijua hili vizuri kuliko sisi, kwa kuwa walilipata kwa jasho: projekta mbili zimeelekezwa kwenye skrini moja, kifaa cha kuipunguza taa ya hii huku kikiongeza ya ile, na kaseti yenye sauti pamoja na ishara za kuzikumbusha projekta wakati wa kubadilisha. Mpito mmoja uligharimu kazi, basi kila mpito ulifikiriwa. Walitafuta jozi ambazo zikilaliana zingetoa picha ya tatu ambayo haikupigwa na mtu yeyote: matawi ya mti yakageuka mishipa juu ya mkono, maji yakapita juu ya uso. Leo programu yoyote ina mipito kwa mamia, kurasa zinazojikunja, vipande vinavyoruka, mioyo inayopasuka, na karibu yote hiyo ni kelele. Mpito unaomfanya mtazamaji auone mpito wenyewe umeshaiua jozi. Mipito miwili inatosha kwa onyesho zima: kufifia taratibu, na kukata moja kwa moja pale unapotaka kushtua.

Hivyohivyo na kile kitendo cha kuisogeza picha taratibu au kuivuta karibu. Kimepewa jina la Ken Burns, mtengenezaji wa filamu za kumbukumbu wa Marekani aliyekizoesha watu kwa kupita polepole juu ya picha za zamani, na tangu 2003 jina hilo limo kwenye iMovie, programu ya Apple ya kuhariri video. Mtu anayesimulia kwa picha za kale husogeza kwa sababu: anaanza na kikosi kizima, anaishia kwenye uso wa kijana mmoja ambaye habari zake ziko njiani. Programu husogeza kwa bahati nasibu, na mara nyingi utaikuta imemwacha mtu na kuivuta karibu dari. Kama huna sababu ya kuisogeza picha, iache itulie. Picha mnato ina haki ya kubaki mnato.

Sasa kupunguza. Projekta ya Kodak Carousel, iliyotoka 1961, ilikuwa na sahani ya mviringo yenye nafasi 80 za slaidi. Baadaye zikaja sahani za 140, lakini ukomo ulikuwepo, na kabla ya hapo kulikuwa na ukomo wa filamu yenyewe, picha 36 kwa mkanda. Kodak iliacha kutengeneza projekta hizo 2004, na ukomo ukaondoka nazo. Mtu anarudi kutoka likizo ya wiki moja na picha zaidi ya elfu. Kifaa hakitakuambia tena kwamba zimetosha, hivyo lazima useme mwenyewe, na huu ndio uamuzi mgumu kuliko wote, maana picha inayotolewa mara nyingi ni nzuri. Umeamka alfajiri kwa ajili yake. Lakini kama haipokei ya nyuma yake wala haiandai ya mbele yake, inakalia nafasi tu. Itunze, ichapishe, ining'inize ukutani. Kwenye onyesho haina kazi.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Picha ya kawaida huhitaji sekunde tano hivi, ikiwemo mipito. Wimbo wa dakika tatu ni sekunde 180, kwa hiyo picha 36 tu. Zile zenye mambo mengi ndani yake zinahitaji sekunde nane au tisa, zile za haraka mbili tu, na ni vibaya kuzipa zote muda sawa kama gwaride. Ukipita dakika tano au sita bila msimulizi, uwe na sababu nzito kweli. Mtindo wa kuzungumza kwa slaidi uitwao Pecha Kucha, ulioanzia Tokyo 2003, huweka picha 20 za sekunde 20 kila moja, dakika sita na sekunde 40, na sekunde hizo 20 zinavumilika kwa sababu kuna mtu amesimama anazungumza.

Na hapo kuna jambo tunalolisahau. Sauti ya binadamu. Tumezoea kwamba slaidi maana yake ni muziki, ilhali kwa zaidi ya karne mbili taa za kurushia picha zilienda na msimulizi. Mwaka 1888 mwandishi wa habari Jacob Riis alisimama mbele ya watu jijini New York akiwaonyesha kwa taa hiyo picha za vyumba walimosongamana maskini wa jiji lao, huku akieleza kwa mdomo wake. Sidhani picha zile zingefanya kazi ileile chini ya wimbo mtamu. Simu uliyo nayo mfukoni inarekodi sauti vizuri kuliko kaseti za wale wenye projekta mbili. Mrekodi mama akieleza ni nani aliyesimama nyuma ya nani. Rekodi mvua, kelele za kituo cha treni, watoto wakicheka chumba cha pili. Sekunde kumi za sauti halisi ya mahali huipa picha uhai ambao muziki wa kukopa hauwezi kuutoa.

Muziki ukiuhitaji, usiuache uongoze. Wimbo wenye maneno mengi hupigana na picha, kwa kuwa mtazamaji anaanza kuufuata mkasa wa mwimbaji na kuuacha wako. Kubadilisha picha kwenye kila pigo la ngoma nako huchosha haraka. Badilisha pale kishazi cha muziki, yaani sentensi yake ndogo, kinapoisha, na mara mojamoja uvunje utaratibu huo. Kuhusu hakimiliki, watu wengi hudhani muziki wa zamani uko huru. Utunzi wa Bach, aliyefariki 1750, ni wa kila mtu. Rekodi iliyofanywa na okestra majuzi si ya kila mtu, ina wenyewe, na YouTube ina mfumo wa kutambua rekodi hizo wenyewe bila kuambiwa na mtu. Tafuta rekodi zenye leseni ya Creative Commons, ambayo mwenye kazi huitumia kuruhusu wengine mapema waitumie kwa masharti, soma masharti yake, na umtaje msanii mwishoni. Ni heshima ndogo kwa mtu aliyekupa nusu ya hisia za onyesho lako.

Kuhusu programu ya kutumia sina mengi. Yoyote inayokuruhusu kupanga muda wa kila picha peke yake inafaa. Ninachosisitiza ni jinsi ya kuhifadhi, kwa sababu hobi hii ina makaburi yake. Watu walitengeneza maonyesho mazuri ajabu kwa Flash, teknolojia ya kuonyesha picha zinazotembea kwenye tovuti, na Adobe ilipoacha kuihudumia mwisho wa 2020, vivinjari vikayafungia nje. ProShow, programu ya kutengenezea slaidi, ilipendwa na wengi, na kampuni yake, Photodex, ilifunga shughuli Januari 2020. Toa nakala ya video ya MP4 yenye ubora kamili, pikseli 1920 kwa 1080 au zaidi. Weka kando yake folda yenye picha zenyewe, sauti, na karatasi ya maandishi matupu inayoeleza mfuatano na majina ya waliomo. Programu ikifa, mpangilio wako utabaki, na mpangilio ndiyo kazi yako.

Lazima pia niseme kuhusu yale maonyesho ambayo simu hujitengenezea zenyewe. Google Photos ilipokuja 2015, na Apple ilipoongeza Kumbukumbu kwenye iOS 10, mfumo wa simu zake, mwaka 2016, mamilioni ya watu walianza kuletewa slaidi wasizoziomba. Zinatambua sura, mahali, tarehe, na picha iliyotulia. Nimewahi kuguswa nazo, siwezi kukataa. Lakini kilichonigusa kilikuwa picha, hakikuwa mpokezano. Mashine inajua kwamba watu wawili wapo kwenye picha moja. Haijui kwamba hawakuwa wakizungumza mwaka mzima uliotangulia. Wewe unajua, na unajua pia picha gani iwekwe kabla ya hiyo ili mtu wa tatu alielewe bila neno lolote kusemwa. Kumwachia kifaa kazi hiyo ni kuiacha sehemu pekee ambayo hakuna mwingine angeweza kuifanya.

Kushirikisha wengine nako kuna adabu yake. Video ukiituma kama kawaida kwa WhatsApp itabanwa, na majani, mchanga na maji vitageuka ukungu. Itume kama faili, au mpe mtu kiungo cha kupakulia. Ukituma picha zenyewe, kumbuka faili zake zinaweza kubeba ndani yake tarehe na mahali hasa zilipopigwa, hivyo zisafishe kama ni za nyumbani kwa mtu. Na watu waliomo waulizwe kwanza, watoto hasa kupitia wazazi wao, kabla onyesho halijatoka nje ya wale waliokuwepo. Mtu kukubali kupigwa picha hakumaanishi amekubali kuwekwa baada ya picha fulani, na kama mikono ya yule bibi ilivyoonyesha, kuwekwa baada ya picha fulani ni kusemewa jambo.

Lakini kabla ya kutuma popote, keti na mtu mmoja au wawili mlitazame pamoja kwenye skrini kubwa kuliko ya simu. Usieleze chochote. Usiitazame skrini, umeshaiona vya kutosha; watazame wao. Utaona mahali wanapoegemea mbele, na mahali macho yanapoteleza pembeni, na karibu kila mara macho hayatelezi kwenye picha mbaya. Yanateleza picha nzuri ilipoifuata nyingine bila sababu. Andika dakika na sekunde ya kila mahali pa namna hiyo, rudi kwenye kompyuta, na uitoe au uihamishe. Toleo la pili kwangu huwa fupi kuliko la kwanza, na ndilo ninalolituma.