Nuru ni jina tu, jamani

Mimi na mume wangu tumeshakubaliana: mtoto akija salama, awe wa kiume au wa kike, ataitwa Nuru. Hapa Lamu wako kina Nuru wenye ndevu na kina Nuru wa buibui, na sijasikia aliyepotezwa njia na jina lake. Lakini watu, wacha wanitie wazimu!

Shangazi yangu anasema hilo la kike, mvulana atachekwa madrasa. Ami yake mume wangu, huko barazani Langoni, anaapa ni la kiume, kwani alisoma na mmoja. Nikiwaambia wapatane wao kwanza, wananijia juu mimi. Jirani naye kila nikipita uchochoroni: "Umeshajua ni nini?" Ni mtoto, bibi wee.

Eti, kwa jina hilo itajulikanaje ni wa kike au wa kiume? Lo! Bin na binti zina kazi gani? Cheti cha kuzaliwa nacho kina mahali pa jinsia. Na siku ya akika, ya kumchinjia mtoto, mtaa mzima utajua: mvulana mbuzi wawili, msichana mmoja. (Hapo ndipo mume wangu anapoguna, na bei ya mbuzi ilivyo.)

Nilitaja Amani, nikaambiwa la wanasiasa. Baraka, wakasema la bara. Mama mkwe akaja na lake: aitwe jina la marehemu babake. Na akiwa msichana, mama?

"Hawi," akasema, akaendelea kukuna nazi.