Sauti isiyopumua: ubishi wa mashabiki juu ya "Fitter Happier"

Jioni moja hapa Ngamiani, Tanga, tulikaa barazani tukisikiliza OK Computer, albamu ya Radiohead, kwenye spika ndogo. Nyimbo sita zikapita bila mtu kutia neno. Ilipoanza ya saba, "Fitter Happier", mpwa wangu akanyoosha mkono kwenye simu: "Mjomba, hii tuiruke." Rafiki yake, kijana mpiga gitaa, akamzuia. Ubishi uliozuka ni uleule ambao mashabiki wa bendi hiyo ya Uingereza wamekuwa nao tangu albamu ilipotoka mwaka 1997.

Kipande chenyewe hakitimizi dakika mbili, na hakuna anayeimba. Sauti ya kompyuta ya Macintosh inasoma orodha ya maneno aliyoandika mwimbaji wao, Thom Yorke: kula vizuri, usinywe kupita kiasi, elewana na wenzako kazini, miliki gari lililo salama zaidi. Nyuma yake kuna piano inayosikika kama iko chumba cha pili, na mivumo isiyo na mwanzo wala mwisho. Orodha inaishia kwa nguruwe aliyefungiwa kizimbani, anayepewa antibayotiki. Wengi hudhani msomaji ni mwanasayansi Stephen Hawking. Siye. Sauti ya Hawking imo katika wimbo mwingine, wa bendi ya Pink Floyd, wa mwaka 1994.

Wanaokipinga wana hoja nzito kuliko wanavyosifiwa. Mpwa wangu alisema kinamkumbusha ile sauti ya "mteja unayempigia hapatikani kwa sasa", na sijasikia mtu akikieleza vizuri kuliko hapo. Ukishaisikia mara moja umeshapata ujumbe; ukiisikia mara ya ishirini ni bughudha. Hakuna anayekiimba akiwa anaoga au akiendesha baiskeli kwenda Chumbageni. Hata bendi yenyewe iliwahi kufikiria kufungulia albamu kwa kipande hiki, ikaacha kwa kuona kingewafukuza watu mlangoni.

Kisha kuna jambo la lugha, ambalo mashabiki wa Ulaya hawana haja ya kulifikiria. Nyimbo nyingine za albamu ile zinamfikia hata msikilizaji wa hapa asiyefuata Kiingereza, kwa kuwa sauti ya Yorke inabeba huzuni yake hata maneno yakipotea. Kipande cha saba kimeyategemea maneno. Asiyeyaelewa anabaki na mvumo na mashine inayonung'unika. Sioni namna ya kumlaumu mtu huyo akiruka.

Mpiga gitaa alijibu kwa hoja ambayo nilitaka sana ikubalike. Alisema Tanga ni mji wa Shaaban Robert, mahali ambapo shairi ni la kughaniwa, na ambapo watu wa taarabu hupima kwanza maneno kabla hawajapima fidla. Basi vipi sisi tuseme maneno yaliyosemwa juu ya mvumo si muziki?

Hoja ni tamu, ila inateleza. Anayeghani utenzi ana mizani nane katika kila mstari, vina vitatu vinavyolingana, na mstari wa nne wenye kina kinachorudi ubeti hadi ubeti. Msikilizaji anakingojea kina hicho na mwili wake wote. Katika "Fitter Happier" hakuna cha kungojea. Kinachofuata kingeweza kuwa kimetangulia, na orodha ingeweza kukatwa popote. Kukiita ndugu wa ghani ni kukitetea kwa sifa ambayo hakina. Wanaokipenda wangesimama imara zaidi wakikiri kwamba ukavu ule umewekwa makusudi.

Tena si kila kibao cha roki chenye maneno matupu kinachukiwa hivi. Mwaka 1968 bendi ya The Velvet Underground ilitoa hadithi inayosomwa na mwanabendi wao John Cale, sauti yake upande mmoja wa spika na vyombo upande wa pili, zaidi ya dakika nane. Watu wanaivumilia kwa kuwa ni hadithi, na mtu hutaka kujua mwisho wake. Msomaji naye ni binadamu, unamsikia.

Hapo ndipo shangazi yangu, aliyekuwa ndani akikuna nazi na asiyejua kabisa tunabishania nini, alipouliza: "Huyo anayesoma, mbona hapumui?"

Shangazi ana beti nyingi za Utendi wa Mwana Kupona kichwani, na swali lake lilinirudisha huko. Utendi ule wa mwaka 1858 nao ni orodha ya namna ya kuishi: shika dini, chunga ulimi, mpendeze mumeo, usijichanganye na wapumbavu. Baadhi ya mawaidha yake leo wanawake wengi wanayakataa, na wana haki. Lakini hata anayeyakataa anajua nani anasema. Ni mama mgonjwa anayemwita binti yake asogee na wino na karatasi, kwa sababu hana hakika na siku zake. Ukibishana na utendi ule unabishana na mtu.

Orodha ya Yorke ni mawaidha yaliyonyang'anywa mama huyo. Mengi ya maneno yake ni mema. Daktari yeyote wa hospitali yetu ya Bombo angekuambia ule vizuri na upunguze kunywa. Kinachotia baridi ni kwamba anayekutakia mema hayupo. Nadhani wanaoruka na wanaosikiliza wote wamelisikia jambo hilohilo, wakatofautiana tu kama linavumilika.

Kwa hiyo mimi niko upande wa kukiacha mahali pake, ila siungani na mashabiki wanaosema anayeruka hajaelewa, na kwamba kukimbia kwake ni ushahidi kuwa kipande kimefaulu. Kwa kipimo hicho kila kazi mbovu ingekuwa imefaulu. Kipimo ninachokiamini ni kingine: je, kinazigusa nyimbo za jirani? Juma lile niliisikiliza albamu mara mbili, mara moja bila kipande cha saba. Bila hicho, "Karma Police" inaishia kwenye kelele yake ya gitaa na "Electioneering" inaingia kama wimbo mwingine wa hasira, basi. Kikiwepo, gitaa za "Electioneering" ni kama dirisha lililofunguliwa kwa kishindo. Unafurahi kwamba kuna mtu aliye hai mle ndani, hata kama anapiga kelele.

Badiliko kubwa zaidi liko kwenye wimbo wa kumi, "No Surprises". Ni wimbo mpole, wenye kengele ndogo ndogo, wa mtu anayeomba maisha matulivu yasiyo na mshtuko wowote. Baada ya ile orodha, ombi hilo halisikiki tena kama utulivu. Ni mtu aliyekubali kizimba.

Mpwa wangu bado anaruka ya saba. Ya kumi huisikiliza mpaka mwisho, na anasema ni nzuri ya kubembelezea mtoto. Mimi siwezi tena kuisikia hivyo.