Kipimo cha choo cha mtoto anayehara: kinamsaidia nani?

Mtoto wa miezi 11 analetwa zahanati, anahara tangu jana asubuhi. Mama anapewa kopo, anasubiri, na saa moja baadaye karatasi ya maabara inarudi na neno moja: ameba. Anaondoka na chupa ya metronidazole, dawa ya ameba. Pakiti za ORS, yaani chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki vimebaki rafuni. Huu ndio upimaji wa kuhara uliozoeleka katika vituo vingi vya Afrika Mashariki, na mjadala wa kama watoto wapimwe au wasipimwe unapotea njia usipoanzia hapa.

Wanaosema tusipime wana hoja nzito. Kinachomuua mtoto anayehara, mara nyingi, ni kuishiwa maji na chumvi mwilini, na tiba yake haingoji jina la kimelea. Mtoto wa kilo 8 mwenye macho yaliyodidimia, kiu kali, na ngozi ya tumbo inayorudi taratibu ukiifinya, anahitaji ml 75 za ORS kwa kila kilo, yaani ml 600, ndani ya saa 4. Kuotesha choo, yaani kukuza bakteria wake maabara ili watambuliwe, huchukua siku 2 hadi 3. Jibu likifika, mambo yake yameshaamuliwa. Zinki nayo haibadiliki: mg 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, au mg 10 kwa aliye chini ya miezi 6, awe anahara kwa kirusi kama rotavirusi au kwa kimelea kama kriptosporidiamu.

Hoja yao ya pili ni ngumu zaidi kuijibu. Utafiti wa GEMS wa kutafuta visababishi vya kuhara kwa watoto, uliofanyika kati ya 2007 na 2011 katika nchi 7, ikiwemo Kenya upande wa Siaya na Msumbiji upande wa Manhiça, uliwalinganisha watoto 9,439 waliokuwa na kuhara kukali na wenzao 13,129 wasiohara. Vimelea vinavyoweza kusababisha kuhara vilipatikana kwa asilimia 83 ya wagonjwa. Na kwa wasiohara? Asilimia 72. Mtoto anayetambaa kwenye uwanja wenye kuku na mbuzi hubeba vimelea karibu muda wote. Ukikuta Giardia, kimelea cha utumbo, kwenye choo chake umekuta Giardia, hujakuta sababu ya kuhara kwake.

Hata hivyo, GEMS yenyewe ni kazi ya maabara. Bila hizo sampuli tusingejua kwamba, katika orodha ndefu ya vimelea, sehemu kubwa ya kuhara kukali ilitokana na vinne tu: rotavirusi, kriptosporidiamu, Shigella (bakteria wa kuhara damu), na aina ya bakteria E. coli inayotoa sumu isiyoharibiwa na joto. Takwimu za maabara za rotavirusi, hata za kabla ya GEMS, zilisaidia kujenga hoja ya chanjo, ambayo Tanzania iliianza mwanzoni mwa 2013 na Kenya Julai 2014. Kisha mwaka 2016 sehemu ya sampuli za GEMS zilipimwa upya kwa PCR, kipimo cha vinasaba, inayohesabu wingi wa kimelea, maana tofauti ya mgonjwa na mzima mara nyingi iko kwenye wingi. Mzigo wa Shigella uliongezeka karibu mara mbili. Nusu yake, kwa maneno mengine, ilikuwa imepotea kwenye uoteshaji.

Kuna jingine lililojitokeza katika tafiti za aina hii, pamoja na MAL-ED, utafiti wa nchi kadhaa uliofuatilia watoto wadogo na uliokuwa na kituo chake kimoja Haydom, mkoani Manyara: watoto wengi wenye Shigella hawatoi damu, wanahara maji tu. Mwongozo tunaoutumia humpa mtoto antibiotiki akitoa choo chenye damu au akishukiwa kipindupindu. Kwa hiyo wapo wenye Shigella wanaopita mlangoni bila kuonekana. Jaribio la ABCD lilijaribu kuwafikia kwa kuwapa antibiotiki ya azithromycin watoto wenye kuhara maji waliopungukiwa maji au wenye utapiamlo, katika nchi 7, Kenya na Tanzania zikiwemo. Kati ya watoto 8,266, dawa haikuonyesha tofauti ya maana katika vifo. Lakini choo chao kilipopimwa baadaye kwa PCR, wale ambao kisababishi chao kilielekea kuwa bakteria walionekana kunufaika. Anayesema kupima hakubadilishi matibabu inabidi aijibu hii.

Turudi kwenye kipimo cha hadubini kilichotoa lile jibu la ameba. Kipimo chenyewe ni rahisi: tone la salaini ya asilimia 0.85 upande mmoja wa slaidi, tone la ayodini upande mwingine, choo kidogo cha ukubwa wa kichwa cha kiberiti kinakorogwa, kinafunikwa na kuangaliwa kwa lenzi ya 10 kisha ya 40. Choo cha maji kinatakiwa kuangaliwa ndani ya dakika 30, kwa sababu ameba hai ikipoa huacha kutembea na huanza kuharibika. Sasa hesabu foleni ya asubuhi: makopo 15 yamepangwa dirishani tangu saa mbili, yanaangaliwa saa tano. Kilichobaki humo ni seli za duara zenye chembechembe ndani. Nyingi ni seli za ulinzi za mtoto mwenyewe, zile kubwa zinazomeza uchafu, na zinajaa hasa kwenye choo cha mwenye Shigella. Nazo humeza chembe nyekundu za damu. Mwenye jicho lililochoka huziita ameba. Mtoto wa Shigella anapewa metronidazole, dawa isiyoigusa Shigella hata kidogo.

Hata anayeona kwa usahihi ana kikomo. Vifuko vya Entamoeba histolytica, ameba inayoleta ugonjwa, na vya E. dispar, ambayo haina madhara, vinafanana kabisa. Kriptosporidiamu, ambayo ni miongoni mwa vile vinne, ina kipenyo cha mikroni 4 hadi 6 na bila rangi maalumu ya Ziehl-Neelsen iliyorekebishwa haitambuliki. E. coli mbaya na nzuri zinafanana chini ya hadubini, na zikioteshwa kwenye MacConkey, chakula cha kukuzia bakteria, pia. Rotavirusi haionekani. Kwa ufupi, kipimo hiki hakioni vile vinne vikuu, na kinaona vizuri vitu visivyo na uzito. Kwa maoni yetu, kukifanya kwa kila mtoto anayehara kuna hasara kuliko kutopima kabisa, maana kutopima hakumpi mtu karatasi ya kuaminia.

Vipimo vya kisasa navyo vina mitego yake. Mashine inayotafuta vimelea 22 kwa takriban saa moja ipo, lakini katriji moja huzidi dola 100, na kwa mtoto wa kwetu itarudisha majina matatu bila kusema lipi la kutibu. Kipimo cha haraka cha rotavirusi ni nafuu, ila mtoto aliyechanjwa wiki moja iliyopita anaweza kutoa virusi vya chanjo chooni, na hata akiwa mgonjwa wa kweli, bado anarudi kwenye ORS na zinki.

Kinachobaki ni kuchagua. Kuhara damu, kuhara kunakofikisha siku 14, na kipindupindu kinachoshukiwa ndiko kwa kupeleka nguvu. Kwa kipindupindu, mlipuko ukishathibitishwa hakuna haja ya kupima kila anayeingia kwenye hema la matibabu. Kwa kuhara damu, sampuli ichukuliwe kabla ya antibiotiki. Pempasi hunyonya maji na kubakiza kamasi iliyochanganyika na mkojo, kwa hiyo weka nailoni safi ndani yake, au tumia kijiti cha pamba kilicholoweshwa, ukikiingiza sentimita 2 hadi 3 njia ya haja kubwa mpaka kitoke na rangi. Shigella hufa upesi choo kikianza kuchacha. Kama haitaoteshwa ndani ya saa 2, kijiti kizamishwe kwenye chupa ya Cary-Blair, dawa ya kuhifadhia sampuli, sehemu inayozidi ikatwe, chupa ifunikwe na iwekwe kwenye kibaridi. Chupa iliyokauka au kubadilika rangi itupwe. Kwenye maabara sampuli ioteshwe kwenye MacConkey na XLD, vyakula vya kukuzia bakteria, nyuzi 35 hadi 37, saa 18 hadi 24, kisha itambuliwe na ipimwe usugu wa dawa.

Jibu hilo halitamwokoa mtoto aliyetoa sampuli. Yeye ameshaanzishiwa antibiotiki ya ciprofloxacin, mg 15 kwa kilo mara 2 kwa siku kwa siku 3. Linamhusu atakayekuja baada yake. Takwimu za usugu huanza kuaminika zikifika angalau vimelea 30 vya aina moja, na hospitali ya wilaya inayootesha sampuli mbili za kuhara damu kwa wiki, ikipata Shigella kwenye moja kati ya tatu, inazifikisha ndani ya mwaka mmoja. Bajeti ya makopo ya ameba ya asubuhi ingeanza kulipia hilo.