Hakuna Aliyechinjwa, Ilikuwa Biriani

Naombeni na mimi niseme. Dogo ninayefanya naye kazi ya kuosha mazulia ameshatuma ile klipu kwenye grupu la mtaa, la mtaa likaipeleka kwenye grupu la kwaya, na jana usiku shangazi amenipigia kutoka Tanga analia, ananiuliza nimemfanya nini mtoto wa watu. Shangazi, kama unasoma hapa: yule si mtu. Ule ni mchuzi.

Mnazijua ofisi za ghorofani kule Posta. Zulia lao si la kukunja ukalianike ukutani. Ni vile vipande vya mraba, sentimita 50 kwa 50, nyuzi fupi zilizojikunja, vimegandishwa sakafuni kimoja kimoja. Chumba chenyewe ni cha mikutano, na zulia ni rangi ya mchanga. (Aliyechagua rangi ya mchanga kwenye chumba kinacholiwa biriani, Mungu anamwona.) Ijumaa walikuwa wanamuaga bosi, sinia likateleza, mchuzi wote chini. Wakajitokeza watu wema na tishu, wakasugua.

Ndugu zangu, mafuta yakimwagika kwenye zulia msisugue. Kandamiza kitambaa kikavu, inua, geuza upande msafi, kandamiza tena, ukitoka ukingoni kuja katikati. Ukisugua unayashindilia yaende chini kabisa, na nyuzi zikishachambuka hazirudi. Unaweza kukausha doa ukaondoka unapiga mluzi, kesho yake linapanda juu tena linakusalimia. Wao walisugua. Tena kwa maji.

Jumatatu asubuhi nikaitwa. Mama wa utawala ni mpole, ana ile sauti ya chini inayokufanya ujikague kama umechomekea. "Mwanangu, saa nane nina wageni wa bodi humu."

"Mama, ikifika saa sita utakuwa unaniuliza doa lilikuwa wapi."

Hayo maneno dogo aliyarekodi pia. Sijui huyu mtoto bando anapata wapi.

Nilianza vizuri, semeni mtakavyo. Yaliyokauka niliyakwangua kwa kisu cha mezani, kile butu cha kupakia siagi, maana ukimwagia maji viungo vilivyokauka unavieneza tu. Nikanyunyiza unga wa muhogo, nikauacha unywe mafuta yaliyokuwa juu, nikauvuta kwa mashine. Doa likapungua nguvu. Ukabaki unjano umetanda na ule utelezi wa mafuta kwa ndani. Fundi mwenye haraka ya kwenda nyumbani salama hapo anachukua maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, kidogo tu, kwa sababu sabuni ikibaki kwenye zulia inakuwa gundi ya vumbi.

Mimi nilikuwa na dumu.

Dumu la Kariakoo. Halina karatasi, halina jina. Aliyeniuzia alisema, "Kaka, hii wanaoshea majiko ya hoteli, inang'oa mafuta hayo mpaka unaona huruma." Ukilifungua linachoma pua, likigusa vidole vinateleza kama umeshika kambale. Magadi matupu.

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo dogo amekatakata klipu ili ninyi mfurahi.

Nimepiga magoti. Mkono wa kushoto brashi. Wa kulia bado kisu, kuna punje ya wali ilikuwa imeng'ang'ania kwenye uzi na mimi nilikuwa nimeshaifanya jambo la binafsi. Glavu nyeupe, mpya. Nikanyunyiza dawa. Doa likatulia kidogo. Halafu katikati pakaanza kuiva rangi ya chungwa, nikasema moyoni, safi sana, mafuta hayo yanatoka. Chungwa likakolea likawa tofali. Nikaongeza dawa, nisaidie. Tofali likawa jekundu. Si jekundu la nyanya, jamani. Lile la Vingunguti machinjioni, alfajiri.

Nikasugua. (Najua nilichowaambia hapo juu. Endeleeni kusoma.) Wekundu ukapata njia, ukavuka kipande cha pili, ukaingia chini ya kiti cha mwenyekiti. Ile brashi nikiinyanyua inachuruzika. Glavu zikaacha kuwa nyeupe.

Dogo akaninong'oneza, "Kaka, umejikata?"

Na mimi nikajikagua! Kidole kimoja kimoja, kwa utulivu, mbele ya kamera.

Mlango ukafunguka. Saa nane bado kabisa, hata saa tano ilikuwa haijatimia, ila mwenyekiti wa bodi ni mzee wa zile zama za kuwahi, kikao cha mchana yeye asubuhi kashafika kukagua viti. Akaingia yeye, nyuma yake mama wa utawala, nyuma kabisa wazee wawili wa suti. Wakasimama. Wanaona kijana kapiga magoti, kisu mkononi, mikono myekundu, chini ya kiti cha mwenyekiti kuna kitu kinazidi kutanda. Mazungumzo yakakata. Inasikika mashine tu.

Mimi nimelelewa Tanga. Sikulelewa ovyo. Mdomo ukafunguka wenyewe:

"Shikamooni."

Mzee wa watu, macho yako kwenye kisu, mazoea yakamponza: "Marahaba, mwanangu." Ndipo akarudi nyuma hatua moja, akamkanyaga mama wa utawala.

"Ni biriani, mzee," nikasema, nikainuka nimweleze vizuri.

Niliinuka na kisu.

Wale wa suti sikuwaona tena. Nilisikia tu mlango wa ngazi, wakati lifti iko pale pale. Kilichofuata ni ile sauti nyembamba mnayoirudiarudia kwenye klipu na kunitumia saa za kazi. Watu wanadhani ni ya mama wa utawala. Mama hakupiga kelele hata kidogo, alikuwa anashikilia kidole chake cha mguu. Ile sauti ni yangu.

Mengine haraka haraka. Akaja mlinzi na rungu. Nyuma yake akaja dada wa chai, akainama, akanusa zulia, akanitazama kwa huruma mbaya kuliko rungu. "Kaka, hujawahi kufua kanzu yenye mchuzi? Binzari ya manjano ikigusana na sabuni kali si inakuwa nyekundu? Mwagia siki." Pwani nzima inajua, kumbe, kasoro mimi. Mama mmoja wa Kihindi pale Kisutu ambaye huwa namwoshea mazulia amecheka mpaka akakaa chini: wao ile poda nyekundu ya kwenye paji la uso, kiasili, huipata kwa kuchanganya manjano na chokaa. Na mwalimu wangu wa kemia, uliyetuchovyesha litmasi darasa zima, naomba usinitumie ujumbe. Nimekumbuka.

Siki ikaja, nikaichanganya na maji, nikapiga. Wekundu ukarudi njano mbele ya macho ya mlinzi, akashusha rungu. Nikasuuza kwa maji matupu, nikavuta kwa mashine, na mafuta, haki yake nalo lile dumu, yalikuwa yametoka yote. Unjano ndio uligoma. Binzari huwa inapaushwa na jua, lakini jua la Dar utalipandishaje kwa lifti? Nikabandua vile vipande viwili, nikavibadilisha na viwili vya chini ya kabati la mafaili, nikabana maungio yake, nikapitisha brashi kulaza nyuzi upande mmoja. Saa nane bodi ilikaa. Mwenyekiti alihamia kiti cha upande wa pili, karibu na mlango.

Mama wa utawala alinilipa, akakata kidogo ya plasta na dawa ya kidole. Akasema nikiitwa tena nije bila kisu. Dogo hajaniomba radhi mpaka sasa, yeye ananidai picha zake nimtafutie mdhamini.

Wanaouliza vile vipande vya njano viko wapi: viko chini ya kabati la chuma, limejaa mafaili, watu wanne hawalinyanyui. Wakiamua kulihamisha, mimi nimesafiri.